Buti Zako Nimezisafisha

Alief, Houston
Jumamosi, 2 Novemba 2019

Mwanangu Atupele,

Ukiisoma barua hii, basi umeingiza mguu kwenye buti la kushoto ukakutana na karatasi. Usishtuke. Ni buti zako zile zile za kahawia, ulizozitafuta kabati zima, kisha ukaja kuniuliza nami nikakujibu kwamba sijaziona. Nilikuwa nimeziona. Nitakueleza, lakini nivumilie, maana unanijua, mimi huwa siliendei jambo moja kwa moja. Nalizunguka kwanza.

Saa hizi umeenda kusukwa kwa yule dada Mkongo, na kwa mtindo uliouchagua hutarudi mapema. "Baba, kwenye meli hakuna wa kunisuka mpaka mwezi wa tatu," umeniambia ukitoka. Nimekaa mezani upande wa dirishani, kwenye kiti cha mama yako, kwa sababu mwanga wa jioni unaingia vizuri huku.

Sitakuandikia habari za soksi. Jirani yetu Mama Njeri amekwisha kukueleza habari za soksi, mafuta ya kupaka na vidonge vya kuzuia kutapika, na yeye ni nesi, anajua. Mimi nina swali lako ambalo sijalijibu. Uliniuliza Jumapili iliyopita, umesimama pale jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi: "Baba, unataka nisiende?" Nikachukua rimoti nikaongeza sauti ya televisheni, kana kwamba sikusikia. Nilisikia, mama. Barua hii ndiyo jibu.

Nianze na siku uliponiletea habari yenyewe. Uliingia na viatu vyako vya kazini, bado vinanuka bahari ya Galveston, ukasema, "Baba, nimepata ile kazi."

"Ipi?"

"Ya meli. Antaktika."

Nikadhani ni mji fulani wa Florida. Ukanionyesha kwenye simu, ukaivuta ramani chini, chini kabisa, mpaka ikawa nyeupe tupu.

"Huko kuna watu?"

"Hakuna watu, Baba. Kuna pengwini."

"Na hao abiria wanalipa ili waende mahali pasipo na watu?"

"Wanalipa sana!"

Ulicheka, na mimi nikatabasamu kwa adabu tu. Ukanieleza kazi yako: kuendesha boti za mpira kutoka kwenye meli hadi ufukweni, kupita katikati ya barafu, na kuwaeleza wageni habari za ndege na sili na nyangumi. Mambo ya ndege uliyasoma chuoni kule Richardson. Boti umejifunzia Galveston, ukiwapeleka watalii kuangalia pomboo. Ulieleza vizuri mpaka nikaona fahari. Lakini nilipokwenda kulala, niliyafikiria yale maji. Uliniambia mtu akitumbukia, ana dakika chache tu kabla mikono yake haijaacha kumtii. Uliniambia ili nijue mnavaa nguo maalumu na mmefundishwa, nisiogope. Mimi nikabaki na ile mikono.

Tangu siku ile sikuitaja safari yako. Nilikusalimia, nilikula, nilikwenda kazini kufua mashuka ya hospitali, nikarudi. Ulidhani nimekasirika. Nilikusikia ukizungumza na rafiki yako kwenye simu, kwa Kiingereza, kwamba huwezi kumwacha baba yako peke yake, kwamba labda utawapigia uwaambie huji. Na badala ya kuufungua mlango nikuambie usithubutu kupiga, nilifurahi. Ndiyo. Nilisimama kwenye korido nikafurahi. Halafu nikaiona picha ya mama yako pale ukutani, nikaona aibu.

Mama yako aliijua tabia yangu hii kuliko mimi mwenyewe. Unaikumbuka Vickery Meadow? Yale maghorofa ya Dallas, watoto wa kila taifa wakicheza kwenye maegesho ya magari, Wasomali, Waburma, Wakongo. Wewe na mama yako mlinitangulia kule, nilipowafuata nilimkuta mtoto ambaye tayari anazijua njia za basi kuliko baba yake. Ulikuwa na baiskeli ya kuokota, nyekundu, na ulitaka kuivusha ile barabara kubwa uende upande wa pili, kwenye maktaba. Nilikuwa naogopa ile barabara. Sikukukataza, sikukuambia naogopa. Nilificha pampu. Nikautoa upepo kwenye tairi la nyuma, nikaificha pampu ndani ya gunia la mchele.

Ulisukuma baiskeli yako siku nyingi, unaomba pampu kwa majirani. Mama yako alikuwa akipima mchele akaikuta. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, mbele ya sahani yangu, mahali pa kijiko, akaniambia, "Baba Atu, kama unaogopa barabara, mvushe. Mtoto hafungwi kwa pampu." Kesho yake nikakuvusha. Tulisimama kwenye taa nikakushika bega kwa nguvu mpaka ukasema, "Baba, unaniumiza." Ndivyo nilivyo. Nikiogopa nashika sana, au naficha.

Na barafu, mara ya kwanza tuliiona pale pale Dallas. Ngazi zote za maghorofa ziliganda usiku, asubuhi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mama yako, mtu wa Tukuyu, aliyezaliwa kwenye mvua na baridi, alitoka na kanga yake juu ya koti akijidai anaijua baridi. Alishuka ngazi tatu kwa makalio. Akakaa pale chini anacheka, anasema, "Hii si baridi, hii ni dharau." Wewe ulivunja kipande kilichoning'inia kwenye bomba, ukakilamba, ukamlambisha na yeye. Ningekuwa na busara ningejua siku ile ile kwamba wewe na barafu mna mambo yenu.

Kuna siku nyingine niliyopaswa kujua. Mafuriko ya mwaka 2017, hapa Houston, tulipokuwa bado tunaishi chini kabla hatujahamia huku juu. Maji yaliingia sebuleni asubuhi, yakapanda mpaka kwenye godoro. Yule mzee Mvietnamu wa jengo la pili alikuja na boti yake ya kuvulia samaki, akagonga dirisha. Mama yako alipanda na sufuria ya kande mapajani, kwa kuwa alikuwa ameipika na hakuwa tayari kuiachia mafuriko. Mimi nilipanda wa mwisho nikafumba macho. Ile injini ilikuwa ikinasa kwenye takataka, na mzee alitakiwa kuinama mbele kusukuma matawi na mapipa. Akakutazama wewe, akakuonyesha mkono wa injini, akasema neno moja tu: "Hold." Ukaushika. Ukatupitisha katikati ya magari yaliyozama, taratibu, mpaka kwenye daraja.

Mama yako akanigonga goti. "Baba Atu, fumbua macho. Mtoto anatupeleka."

Nikafumbua. Nilikuona umesimama nyuma, nywele zimelowa, uso umetulia kama mtu aliye nyumbani kwake. Tulipofika kwenye lami mama yako akafunua sufuria, akamgawia mzee kande, akakugawia na wewe. Aliniambia baadaye, ninyi wengine mkiwa hamsikii, "Huyu hatakaa nchi kavu." Nikamkemea. Nilimwambia asimtamkie mtoto maneno mabaya. Kumbe yeye alikuwa anashukuru.

Miezi minane baadaye hatukuwa naye.

Nataka nikuandikie jambo hili taratibu kwa sababu hatujawahi kulizungumza. Mama yako alipofariki, watu wetu wa hapa walikutana, Watanzania na Wakenya, walikaa vikao kwenye ukumbi wa kanisa wakapanga yote ili arudi nyumbani. Nawashukuru mpaka leo. Lakini karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado. Nilichelewa kuziomba, mwaka baada ya mwaka, nikisema nitazishughulikia. Mama yako alinisukuma, nami nikasema tutaenda kwa wakili, tutaenda. Wakili akaniambia wazi kwamba nikitoka nchini wakati ule huenda nisiruhusiwe kurudi. Kwa hiyo aliyekwenda na jeneza ni wewe. Mtoto wa miaka ishirini na minne, peke yako, kutoka Houston mpaka Dar, kutoka Dar mpaka Tukuyu.

Nilimzika mke wangu kwenye simu ya mjomba wako. Mvua ilikuwa inanyesha, picha inakatika. Nilimwona mchungaji, halafu miavuli, halafu miguu ya watu, kwa kuwa mjomba wako alikuwa analia na mkono umeshuka. Katika miguu ile niliziona buti zako za kahawia. Zilikuwa zimezama kwenye tope mpaka kwenye kamba. Nikakuona umeinama, ukachota udongo, ukautupa. Ukainama tena, ukachota mara ya pili, ukasema kwa sauti, "Huu ni wa Baba." Picha ikakatika.

Sijakushukuru kwa ule udongo wa pili. Nakushukuru leo.

Uliporudi uliziacha buti mlangoni, zimekauka, na lile tope jeusi la kwetu limeganda kwenye soli. Ulitaka kuziosha. Nikakuambia, "Acha, nitaziosha mimi." Sikuziosha. Nilizitia kwenye mfuko, nikaziweka kabatini mwangu juu kabisa, nyuma ya masanduku. Wewe ukanunua nyingine za kazini ukazisahau. Mimi sikuzisahau. Kuna siku nikirudi kutoka kazini na wewe hupo, nilikuwa nazishusha, nafungua mfuko, nanusa. Tope likikauka harufu yake inafifia, lakini ukiweka pua karibu bado ipo. Wewe ulisimama kaburini. Mjomba wako, shangazi zako, majirani wote wa Tukuyu walisimama. Mimi kaburi nililokuwa nalo ni lile lililoshika kwenye soli zako.

Ndiyo maana ulipoziulizia nikasema sijaziona. Ulisema buti mpya zitakuchubua, kwamba zile zimekwisha kuujua mguu wako. Nilikusikia. Nikaziacha kule kule kabatini.

Jumatano Mama Njeri alikuja na chapati. Nadhani aliniona nilivyobadilika uso ulipoanza kumweleza ile sheria yenu. Ulisema kabla ya kushuka ufukweni kila mtu anakaguliwa, wageni na wafanyakazi. Mifuko inapitishwa mashine ya kufyonza vumbi, soksi zinachunguzwa, soli zinachokonolewa kwa sindano, halafu mnakanyaga kwenye beseni la dawa. Hata mbegu moja ya nyasi haipiti. Hata punje ya udongo. Kule hakuna kilichowahi kupandwa na mtu, ukasema, na kitu kidogo kutoka kwetu kinaweza kupaharibu.

"Wacha!" Mama Njeri akasema. "Yaani hata vumbi ya Alief wanakataa? Na huku sisi tunaipumua tu kila siku!"

"Wanakataa, Auntie."

"Na ukirudi utuletee kajiwe kadogo?"

"Hairuhusiwi. Huachi kitu, hubebi kitu."

Ukanitazama mimi uliposema hivyo, kwa sababu ya kawaida yetu. Tangu mdogo, kila ulipokwenda umeniletea jiwe moja. Yapo yote kwenye bakuli pale juu ya friji, la ziwa la White Rock, la Galveston, la Tukuyu. Niliona unasikitika kwamba safari hii hutaniletea. Usisikitike.

Ulipoondoka mezani kupokea simu, Mama Njeri akainamia sahani yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Atu, hizo buti ziko wapi?"

"Buti zipi?"

"Usinichezee. Mimi ni nesi. Mtu akinidanganya ati amekunywa dawa namjua kwa macho."

Nikamweleza. Nikamweleza yote, hata kunusa. Hakunicheka. Alifuta unga kwenye vidole. Halafu akasema, "Pole, ndugu yangu. Lakini nikuulize. Wewe ukitoka Tukuyu kuja huku, babako alikufichia viatu?"

Hakunifichia. Baba yangu alinipakia viatu rangi siku ya kuondoka. Alikuwa mgonjwa, hakuweza kusimama, akavipaka amekaa kitandani. Nilikuwa nimesahau. Ningemaliza maisha yangu nimesahau kama yule mama hakuniuliza.

Basi leo mchana ulipokuwa madukani nilizishusha. Nilitandika gazeti pale kwenye veranda, nikachukua mswaki wa zamani na ile sindano kubwa ya mama yako ya kushonea mito. Nilianza na buti la kulia. Tope limekuwa gumu kama saruji, linatoka vipande vipande. Sikutumia maji mwanzoni kwa sababu sikutaka lipotee kwenye bomba. Nilichokonoa kila mfereji wa soli. Nilitoa kamba, nikafungua ulimi, humo ndani kulikuwa na udongo mwingi kuliko nilivyofikiri. Kwenye buti la kushoto, karibu na kisigino, nilikuta mbegu mbili za nyasi, nyembamba, za kijivu. Za pale pale, mama. Za kaburini. Nilizishika kiganjani nikapotea kidogo.

Nilijaribiwa, sitakuficha. Nilifikiri, nikiacha punje moja tu ndani ya mshono, nani atajua? Atafika na yeye. Mama yako aliyeshuka ngazi kwa makalio atafika kwenye barafu kubwa kuliko zote. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukieleza pale mezani, uso wako ulivyokuwa. Ile sheria si ya wazungu wa meli tu, wewe mwenyewe unaipenda. Na mama yako alikuwa mtu wa kufuta miguu mlangoni kwa watu. Hangeingia mahali safi namna hiyo na tope la kwao. Angeziacha nje.

Kwa hiyo nilimaliza. Udongo wote niliukung'uta kwenye ile ndoo yake ya mchicha, iliyokaa tupu tangu aondoke. Zile mbegu mbili nikazifukia humo kwa kidole. Sijui kama Texas nayo ina sheria yake, usiniulize. Halafu nikaziosha buti kwa maji na sabuni, nikazisugua, nikazipaka mafuta. Waambie wakaguzi wenu wachokonoe wanavyotaka. Hawatakuta kitu.

Sasa jibu lako. Hapana, Atupele, sitaki usiende. Nenda. Naogopa, na nakuambia naogopa, kwa mkono wangu, badala ya kuficha pampu. Ukiwa kule ukaogopa, na wewe sema. Uliniambia kiongozi wenu anawafundisha hivyo, kwamba anayeona wimbi au barafu asiyoielewa aseme kwenye redio hapo hapo, na boti inageuka, na hakuna anayemcheka. Nimelipenda jambo hilo kuliko yote uliyonieleza. Laiti nyumba yetu ingekuwa na redio kama hiyo.

Usiwe na wasiwasi wa kuniacha. Nina kazi, nina kanisa, nina chapati za Mama Njeri na maneno yake. Na ile "tutaenda" yangu nimeiacha. Mama yako alitaka niende naye Galveston siku moja tu, tukae mchangani, akuone unavyoendesha boti. Nilimwambia tutaenda, ovataimu ikiisha. Unajua kilichotokea. Karatasi zangu zimetoka, na juzi nimekata tiketi. Mbili, yangu na yako. Mwezi wa nne, ukisharudi na kupumzika, tunakwenda Tukuyu wote wawili. Wakati wa mvua, kama siku ile. Utanionyesha uliposimama, na mimi nitachota udongo wangu mwenyewe. Zivae buti hizo hizo. Tope la safari hiyo tutalirudisha wote.

Nasikia gari lako linaingia kwenye maegesho. Sina muda wa kuisoma tena barua hii, utanisamehe makosa.

Jiwe usiniletee. Ila siku ya kwanza utakapokanyaga pale, ukiwa umeshawashusha wageni wako na umepata nafasi ya kusimama, litaje jina la mama yako, halafu na langu. Hata kimoyomoyo. Hilo sidhani kama wanalikagua. Utukumbuke tu, mwanangu.

Baba yako